Kaseti za jaja kwanza, CD baadaye

Swali: Habari za kazi, mwalimu. Marehemu baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli, makazi yake Jinja, safari zake Kampala, Tororo na Nairobi. Alituachia kaseti 140 hivi, CD 70, sahani ndogo 40 za spidi ya 45, LP 12, na sahani tano nzito zinazovunjika kama kigae. Nyingi ni rumba ya Kongo, bendi za Nairobi na kadongo kamu, ule muziki wa gitaa wa Uganda. Katika hizo kaseti zimo nne alizorekodi mwenyewe kijijini Kamuli mwaka 1984, jaja yetu (ndivyo tunavyowaita bibi na babu) akiimba na kusimulia. Nataka vyote viwe faili za ubora wa juu, si MP3 za kukwaruza masikio. Mpwa wangu anasema nianze na CD kwa kuwa ni rahisi, nyimbo nyingine nizipakue tu, halafu niuze kila kitu, pamoja na redio kaseti ya baba ambayo siku hizi haizunguki. Kijana mwenye duka la kompyuta hapa mjini naye yuko tayari kunifanyia kazi yote kwa malipo. Nifanyeje?

Jibu: Salama, dada, na poleni kwa kuondokewa na mzee.

Mpwa wako hajakosea kuhusu CD, ni rahisi kweli. Lakini kwa sababu hiyo hiyo zinaweza kusubiri. CD iliyotoka kiwandani na kutunzwa vizuri itakungoja mwaka mzima bila kulalamika, na nyimbo zilizomo karibu zote zina nakala nyingine duniani. Sauti ya jaja yenu iko kwenye utepe wa plastiki usiofika milimita 4 kwa upana, uliopakwa unga wa oksidi ya chuma, ndani ya nyumba iliyo karibu na ziwa. Nakala ni hiyo moja. Mkusanyiko wote upange kwa swali hili: kikipotea hiki, nitakipata wapi tena? Rumba iliyotolewa upya na kampuni kubwa utainunua hata mwakani. Kamuli ya mwaka 1984 hakuna anayeiuza.

Basi leo zitoe hizo kaseti nne, uziweke mezani penye mwanga. Kwenye mgongo wa kila kaseti, upande ule ambao utepe hauonekani, kuna vijimeno viwili vya plastiki. Vivunje vyote viwili kwa ncha ya bisibisi. Vikishavunjika, deki haitakubali kurekodi juu ya kaseti hiyo, hata mtoto akibonyeza kitufe chekundu. Kisha chungulia kidirishani. Ukiona unga mweupe au madoa ya kijivu kwenye kingo za utepe uliojikunja, huo ni ukungu, na kaseti yenye ukungu haichezwi. Itenge na wenzake, iache mahali pakavu penye hewa mpaka ukungu ukauke kabisa, ndipo uupanguse nje ya nyumba kwa brashi laini, pua umeifunika. Angalia pia kile kipande kidogo cha sufi kilicho katikati ya mdomo wa kaseti, kinachoubana utepe kwenye hedi, yaani kile kichwa cha deki kinachosoma utepe. Gundi yake huchoka, kipande kikadondoka, na mtu akadhani utepe umekufa kwa vile sauti imefifia. Utepe mara nyingi ni mzima, ganda ndilo bovu. Kaseti iliyofungwa kwa skrubu hufunguliwa, utepe ukahamishiwa kwenye ganda zima kwa robo saa ya mikono iliyotulia.

Baada ya hapo ziweke kando, usizicheze bado. Mikono yako ijifunze kwanza kwenye kaseti zisizouma: zile za nyimbo za mchanganyiko ambazo baba alinunua stendi, zilizonakiliwa mara ya tatu au ya nne. Umeshazirekodi kumi na makosa yako umeyajua, ndipo umkaribishe jaja.

Sasa mashine. Utaona vikinanda vidogo vya plastiki vinavyochezesha kaseti na kutoa waya wa USB, bei yake inavutia. Viache. Mota yake inayumba, hedi yake ni duni, na kadi ya sauti iliyomo ndani ni ya kiwango cha chini, kwa hiyo unalipa ili upoteze. Tafuta deki ya kaseti ya zamani, ile ya kuwekwa juu ya amplifaya, hata kama imelala stoo ya mtu miaka kumi. Mpe fundi wa redio abadilishe mikanda ya mpira, maana mpira wa miaka hiyo ama umelegea ama umeyeyuka ukawa kama lami. Akimaliza, safisha wewe mwenyewe: kijiti cha pamba chenye spiriti kwenye hedi na kwenye kile kijiti cha chuma kinachovuta utepe, na kwa gurudumu la mpira maji yenye sabuni kidogo. Pamba ya kwanza itatoka na rangi ya kahawia. Huo ni unga wa kaseti za watu wengine. Rudia mpaka pamba itoke nyeupe.

Sehemu inayofuata nitaikalia, kwa sababu hapa ndipo ubora unapopatikana au kupotea, na maduka mengi ya kubadili kaseti huiruka.

Hedi ya deki ina mwanya mwembamba sana wa kusoma sauti, na mwanya huo unatakiwa usimame wima kabisa dhidi ya utepe. Redio iliyorekodi ikiwa hedi yake imeinama kidogo, na deki yako imesimama sawa, nyimbo zitasikika kana kwamba mwimbaji amefunikwa blanketi. Watu husema kaseti imezeeka. Haijazeeka, inasomwa kwa pembe isiyo yake. Kando ya hedi kuna skrubu ndogo, mara nyingi yenye springi chini yake. Cheza kaseti, unganisha njia mbili za sauti ziwe moja, kwa kuwa katika mono kosa la pembe linasikika waziwazi. Vaa spika za masikioni, kisha zungusha skrubu ile kwa bisibisi isiyo na sumaku: robo ya robo ya mzunguko, usizidi. Sikiliza herufi ya "s" kwenye maneno ya mwimbaji, sikiliza kayamba. Utasikia blanketi linaondoka, ukipitiliza linarudi. Pale sauti ilipong'aa zaidi, simama. Kila kaseti ina pembe yake, wakati mwingine upande A na B hutofautiana. Hakuna programu itakayokurudishia baadaye kile ambacho hedi haikukisoma. Kwa hiyo ukiniuliza pesa na muda viende wapi, nitakwambia hapa, si kwenye kununua kompyuta mpya.

Kama kaseti ina alama ya Dolby B, mfumo wa kupunguza mchakacho wa utepe, na ilitoka kiwandani, washa Dolby ya deki baada ya kurekebisha pembe, si kabla. Kaseti za Kamuli zilirekodiwa kwa redio ya kawaida, kwa hiyo Dolby izimwe.

Kutoka kwenye deki, chukua sauti kwenye matundu ya nyuma ya kutolea, uipeleke kwenye kadi ya sauti ya nje ya USB. Usiichomeke kwenye tundu la maikrofoni la laptopu. Tundu lile kwa kawaida ni la njia moja na limetengenezwa kwa ishara dhaifu, litaiponda sauti. Chomoa chaja ya laptopu unaporekodi. Umeme wetu ni wa hezi 50, na deki na laptopu zikishirikiana waya wa ardhi utasikia mvumo mzito chini ya kila wimbo, ambao mara nyingi hukatika pale pale chaja inapotoka. Ukitumia betri una faida nyingine: umeme ukizima, laptopu haizimi. Deki itazima, na hapo usikae ukingoje urudi. Utepe umebaki umebanwa kati ya kijiti na gurudumu, na ukikaa hivyo saa nzima utapata kovu. Bonyeza kitufe cha kusimamisha. Mlango ukigoma kufunguka, ngoja, usiulazimishe.

Programu ya kurekodia ni Audacity, ni ya bure na inatosha kabisa. Weka biti 24 na kHz 48, yaani sauti ipimwe mara elfu 48 kwa sekunde na kila kipimo kiandikwe kwa biti 24. CD ina biti 16 na kHz 44.1, tangu ilipotoka sokoni mwaka 1982, na kwa kusikiliza kiwango hicho kinatosha. Biti 24 sizipendekezi kwa ajili ya fahari. Zinakupa nafasi ya kurekodi chini kidogo bila kupoteza kitu. Utepe ukizidiwa sauti hujipinda taratibu, lakini dijitali ikivuka sifuri, ambayo ndiyo kilele cha kipimo chake, inakatwa kama kwa kisu na haiungiki tena. Acha kilele cha sauti kifike kama desibeli 10 au 12 chini ya sifuri, halafu usiguse kitu mpaka upande uishe. Watu watakushawishi urekodi kaseti kwa kHz 192. Usihangaike. Kaseti ya kawaida haibebi sauti nyingi za juu zaidi ya kHz 15, na faili kubwa haiongezi kile ambacho utepe hauna. Chama cha kimataifa cha watunza kumbukumbu za sauti, IASA, kinataka kHz 48 na biti 24 kuwa kiwango cha chini cha hifadhi, na mimi kwa kaseti za nyumbani nakishika hicho.

Hifadhi kwa FLAC. Dada, umeandika kwamba hutaki MP3, na uko sahihi, ila ni vizuri ujue kwa nini. FLAC ni kama kukunja nguo sandukuni: sanduku linapungua, mara nyingi hadi nusu hivi ya ukubwa wa awali, na ukizikunjua hakuna uzi uliopungua. MP3 inapunguza sanduku kwa kuacha baadhi ya nguo nyumbani, ikibahatisha zile ambazo hutazikumbuka. Mimi mwenyewe mwaka 2006 niligeuza CD zangu zote kuwa MP3 za kbps 128, maana diski yangu ilikuwa ya gigabaiti 40, kisha nikazigawa zile CD kwa marafiki. Miaka michache baadaye nikapata spika nzuri. Matoazi yalikuwa yakisikika kama maji yanayomwagika kwenye bati, na gitaa la pili, lile linalojibizana na la kwanza katika rumba, lilikuwa limetiwa ukungu. CD sikuzipata tena. Nyingine mpaka leo sijaziona popote.

Fanya hesabu ya diski uone ni ndogo. Dakika moja ya biti 24 na kHz 48 ni megabaiti 17 hivi kabla ya kukunjwa. Kaseti 140 za dakika 60 ni dakika 8,400, yaani gigabaiti 145, na zikishakuwa FLAC zinakaribia 90. CD na sahani hazifiki hata nusu ya hapo. Diski ya terabaiti moja itabeba urithi wote wa baba na kubaki na nafasi tele. Kitakachokubana ni muda. Kaseti ya saa moja huchukua saa moja, haiharakishwi. Saa 140, kwa saa mbili kila jioni, ni jioni 70. Ukiwa na jioni 30 tu, utaelewa kwa nini nasisitiza mpangilio.

Kuna jambo moja kuhusu kaseti za kijijini. Mzee alirekodi kwa betri, nadhani, kama watu wengi wa wakati ule. Betri zikichoka mota hupunguza mwendo, na utepe uliorekodiwa polepole ukichezwa kwa mwendo sahihi hupanda: jaja ataanza akiwa na sauti yake, na kuelekea mwisho wa upande ataongea haraka kwa sauti nyembamba kama ya msichana. Usishtuke, na usirekebishe wakati wa kurekodi. Rekodi kama ilivyo, hiyo ndiyo faili ya hifadhi, haiguswi milele. Kisha fanya nakala, na katika nakala hiyo tumia kibadilisha mwendo, kile kinachobadili spidi na kimo cha sauti kwa pamoja, ushushe kidogo kidogo sehemu za mwisho. Kipimo chako kiwe maongezi ya jaja mwenyewe mwanzoni mwa kaseti, au masikio ya shangazi aliyemfahamu vizuri. Ngoma na embaire, ile marimba kubwa ya Busoga, havikusaidii kama piano ingekusaidia, kwa sababu kila embaire imepangwa sauti kwa sikio la aliyeichonga.

Na uandike. Klaus Wachsmann, aliyeongoza Jumba la Makumbusho la Uganda kuanzia mwaka 1948, alizunguka nchi hii akirekodi waimbaji na wapiga vyombo. Rekodi zake ziko British Library huko London, na nakala zake zipo Chuo Kikuu cha Makerere katika hifadhi yenye jina lake. Zinatumika mpaka leo kwa sababu zina maelezo: nani alipiga, chombo gani, mahali gani. Mwite mzee mmoja wa ukoo mkae naye akisikiliza kaseti zile nne, umrekodi kwa simu akieleza ni wimbo wa nini, nani anaitikia nyuma, yule mtoto anayelia ni nani. Hiyo ni kazi ya mchana mmoja, na haiwezi kungoja miaka kumi. Mkikubaliana kifamilia, mnaweza kuwauliza wa Makerere kama wangependa nakala.

Baada ya kaseti za jaja, usirukie CD zote. Zitenganishe mafungu mawili. Pindua kila moja uangalie uso unaosomwa: wa kiwandani ni wa fedha, wa kuchomwa kwenye kompyuta una rangi ya kijani, buluu au dhahabu hafifu. Rangi hiyo ndiyo iliyobeba muziki, na mwanga wa jua huiua. Za kuchomwa, ambazo kwa kadongo kamu na bendi ndogo za hapa huenda ndizo nyingi, zifuate mara moja baada ya jaja. Za fedha zikae mwisho wa foleni.

Kwenye Windows tumia Exact Audio Copy, kwenye Mac tumia XLD. Programu hizi hazikubali usomaji wa mara moja. Husoma kila kipande tena na tena mpaka majibu yalingane, kisha hulinganisha matokeo yako na ya watu wengine duniani waliosoma CD hiyo hiyo, kupitia hazina iitwayo AccurateRip. Sasa, CD ya msanii wa Kampala iliyotolewa nakala chache mara nyingi haimo kwenye hazina hiyo, na programu itakwambia haijulikani. Usidhani imeharibika. Isome mara mbili, ulinganishe zile namba za uhakiki zinazotolewa mwishoni. Zikifanana, umepata kilichomo.

Kilichomo chenyewe lakini huenda si kile unachodhani. CD nyingi zilizouzwa mitaani zilichomwa kutoka MP3. Zinacheza kama CD ya kawaida, na ukizigeuza kuwa FLAC utapata faili kubwa, nzuri kwa jina, yenye muziki uliokwisha kunyolewa zamani. Kuna njia ya kuona. Fungua wimbo kwenye Audacity, badili mwonekano uwe wa spektra, picha inayoonyesha sauti za chini na za juu. Muziki uliopitia MP3 ya kbps 128 kwa kawaida hukatika kwenye kHz 16 hivi, mstari umenyooka kana kwamba mtu ameweka rula. Rekodi ya zamani ambayo haina sauti za juu hufifia taratibu, haikatiki kwa rula. Ukikuta rula, na kaseti ya albamu hiyo hiyo unayo, rekodi kaseti, ndiyo iliyo karibu zaidi na studio. Nimeshuhudia hilo mara nyingi: mtu ameshika CD kwa heshima, na kaseti aliyotaka kuitupa ndiyo iliyokuwa nzima.

Sahani. Zile za spidi ya 45 za Nairobi ni hazina, kwa kuwa Nairobi ndiko bendi za ukanda wetu, za Uganda zikiwemo, zilikokuwa zikirekodi na kupigiwa sahani, na nyimbo nyingi za upande wa pili hazikurudishwa kwenye kaseti wala CD. Usizichezeshe kwenye zile gramafoni za sanduku zinazouzwa kama mapambo. Sindano yake inakandamiza kwa uzito mkubwa na kulima mfereji. Tafuta mashine yenye mkono unaoweza kupimwa, sindano mpya, uzito wa gramu 2 hivi au kadiri kiwanda cha sindano kilivyoandika. Pita kwenye amplifaya ya fono, kwa sababu sahani hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti za juu zimeongezwa, na amplifaya hiyo ndiyo inayorudisha mizani. Ukisikia muziki mwembamba, wa mbali, usio na besi, umeiruka hatua hiyo. Kwa sahani weka kHz 96 na biti 24, maana ukitaka baadaye kuondoa mibofyo, programu huitambua vizuri zaidi ikiwa kali. Zioshe kwanza. Vumbi la murram ni mchanga, na sindano ikipita juu yake inausaga ndani ya mfereji.

Zile tano nzito ni za spidi ya 78, na karibu hakika zimetengenezwa kwa sheli (shellac), aina ya gundi ngumu ya asili. Nakuomba hili ulisome mara mbili: usizipake spiriti. Sheli huyeyuka kwenye spiriti. Miaka ya nyuma niliwahi kuletewa sahani ya namna hiyo na mzee mmoja aliyeniamini, nikaipangusa kwa spiriti kama nilivyozoea kupangusa hedi. Uso wake uling'aa, ukafifia, ukawa wa kijivu, na wimbo ukageuka mvua. Nilimrudishia mwenyewe, nikamweleza nilichofanya. Maji safi yaliyochujwa na tone la sabuni laini, kitambaa kisichotoa nyuzi, kausha upesi, lebo isiloe. Na sindano ya LP haifai hapo: mfereji wa 78 ni mpana karibu mara tatu, sindano nyembamba inaburuta tu chini kwenye uchafu. Kama hupati sindano yake, piga picha lebo pande zote mbili, zihifadhi zimesimama wima, zingojee.

Majina ya faili ndiyo kazi inayochosha, na ndiyo itakayoamua kama wajukuu watapata kitu. Chagua tahajia moja ya kila msanii uishike. Bendi ya Franco, yule mwanarumba wa Kongo, imeandikwa OK Jazz, T.P. OK Jazz na T.P.O.K. Jazz kutegemea mwaka na lebo, na simu yako itazihesabu kuwa bendi tatu. Weka moja kwenye nafasi ya msanii, na yale yaliyoandikwa kwenye lebo, pamoja na namba ya sahani, yaweke kwenye nafasi ya maelezo kama yalivyo, na makosa yake. FLAC inabeba hayo yote ndani yake pamoja na picha ya jalada. Piga picha pia maandishi ya baba kwenye makaratasi ya kaseti. Mwandiko wake ni sehemu ya mkusanyiko.

Nakala ziwe tatu: diski mbili tofauti, na ya tatu isikae nyumba moja na hizo, kwa ndugu wa Kampala au kwenye hifadhi ya mtandaoni kama bando lako linaruhusu. Flashi si hifadhi, ni ya kusafirishia tu. Kila FLAC ina namba ya uhakiki ndani yake, kwa hiyo mara moja kwa mwaka endesha ukaguzi wa faili zote, ujue mapema kama diski imeanza kuoza. Kwa simu na gari tengeneza nakala ndogo kutoka kwenye FLAC, za MP3 za kbps 320 au Opus, bila kujisikia vibaya, mradi mama yake yupo. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inaruhusu kunakili kwa matumizi yako binafsi. Kuwagawia watu nakala au kuziuza ni jambo jingine, na wasanii wetu wameumia vya kutosha.

Kuhusu kupakua: palipo na duka halali linalouza albamu ile ile kwa FLAC, nunua, uokoe jioni zako kwa ajili ya kile kisichouzwa. Kuchota video za mtandaoni na kuzigeuza faili hakukupi ubora uliouomba.

Kijana wa duka anaweza kukusaidia na zile CD za fedha. Kabla hujampa kaseti, mpe moja isiyouma, kisha mwulize anaelekeza vipi hedi na atakurudishia faili za aina gani. Akikuambia "nitakupa MP3 kwenye flashi", mshukuru, mlipe kazi ya hiyo moja. Kaseti nne za Kamuli usimwachie mtu dukani hata usiku mmoja. Kama itabidi afanye yeye, kaa naye.

Na redio kaseti ya baba usiiuze, usikubali hata bei nzuri. Kama ndiyo aliyobeba Kamuli mwaka ule, hedi yake huenda bado imeinama kwa pembe ile ile iliyomrekodi jaja. Hakuna deki iliyo karibu zaidi na kaseti zile kuliko yenyewe. Ukirekebisha deki yako na bado blanketi halijaondoka lote, cheza kaseti kwenye redio ya baba, sikiliza herufi ya "s" inavyosikika hapo, kisha urudi kwenye deki uitafute. Mpelekee fundi aweke mkanda mpya na kusafisha, basi. Mwambie mapema, na ukiweza ubandike karatasi juu yake: ile skrubu ya kando ya hedi asiiguse.